Kinu cha mlango wa bluu, Kaptembwa: bei nzuri, watu wazuri, na ruzuku ambayo haikuwahi kufika

Kama unaishi Kaptembwa, Rhonda au mitaa ya karibu hapa Nakuru na bado hujapata mahali pa kuaminika pa kusaga mahindi, nenda kwenye kinu chenye mlango wa bluu, kwenye barabara ya vumbi inayoshuka kutoka stejini. Hakina kibao. Muulize yeyote unayemkuta na mfuko wa unga mkononi, atakuonyesha. Nimesagisha hapo tangu kifungua mimba wangu akiwa nasari. Pia mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, na nyumba nyingi ninazotembelea hula unga wa kinu hiki asubuhi na jioni, kwa hivyo naandika kama mteja na kama mtu anayejua unga huo unaishia wapi.

Bei kwanza, kwa sababu ndiyo kila mtu huuliza. Wiki hii gorogoro ya mahindi, yaani ule mkebe wa kupimia nafaka, ni shilingi 120. Kusaga ni shilingi 10, na ukitaka yakobolewe kwanza unalipa 20. Gorogoro iliyojaa vizuri inazidi kilo mbili kidogo, kwa hivyo kwa shilingi 130 unarudi nyumbani na unga mzima, wakati paketi ya kilo mbili katika duka lililo mkabala ni 165. Hizo 35 zinazobaki ni sukuma na nyanya. Familia ya watu watano inayomaliza kiasi hicho kila baada ya siku mbili inaokoa karibu shilingi 500 kwa mwezi, na kwa mtu anayeishi kwa kibarua 500 ni pesa ya maana shule ikifunguliwa.

Gorogoro yenyewe ni nzima. Nalisema hili kwa sababu sokoni utakuta mkebe uliogongwa kitako ukaingia ndani, unajazwa mbele ya macho yako hadi unafurika, na bado umepunjwa. Hapa mkebe ni mnyoofu, na kuna mizani ya kuning'inia kwa anayetaka kuhakikisha. Sijawahi kusikia mtoto aliyetumwa pale akarudi na unga pungufu. Watoto ndio hutumwa zaidi jioni, na mtu akitaka kuiba huanza na wao.

Lakini kinachonifanya nikisifu kinu hiki kuliko vingine vya mtaa huu ni ile ndoo kubwa karibu na mlango. Humo wanaweka unga uliokwisha kusagwa asubuhi, nao wanaupima nusu gorogoro, robo, hata wa shilingi 30. Mama anayefua nguo Milimani akikosa kazi kwa sababu ya mvua hurudi na shilingi 40 mkononi. Dukani hakuna paketi ya 40. Kwenye kinu anapimiwa, anafungiwa, anaondoka bila mtu kumwangalia vibaya. Mwenye kinu huandika deni la kusaga kwenye daftari, si deni la mahindi, na hilo naona ni haki, kwa kuwa mahindi yeye mwenyewe huyanunua kwa pesa taslimu kutoka kwa watu wa malori.

Kwa uji wa watoto pia wanajua kazi. Ukileta wimbi au mtama, kijana wa kinu husimamisha mashine, hupangusa, kisha hupitisha kiganja cha nafaka yako kwanza ili mabaki ya mahindi yatoke. Akina mama wengi huja na mchanganyiko wa nafaka saba au nane, njugu karanga, soya na omena ndani, wakiamini kwamba vingi ndivyo bora. Mimi huwaambia kila ninapowakuta pale: saga nafaka moja au mbili, na hizo njugu na omena vipike pembeni. Njugu zikishasagwa huchacha haraka, na ndizo hushambuliwa sana na sumu ya kuvu. Nimefurahi kwamba siku hizi kijana wa kinu naye huwaambia hivyo, ingawa kusaga vingi kungempa pesa zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kinu hiki kinalisha watu maskini wengi kuliko supamaketi yoyote ya mji huu, na kila mara serikali ilipotaka kuwapunguzia watu njaa, msaada ulipita barabara nyingine.

Mei 2017, baada ya ukame na viwavijeshi kuharibu mazao, serikali iliweka ruzuku ya unga. Mahindi yaliuzwa kwa viwanda kwa shilingi 2,300 gunia la kilo 90, na paketi ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90, ya kilo moja kwa 47. Bei ilikuwa nzuri sana. Tatizo lilikuwa mahali pa kuupata. Uliuzwa kwa paketi, na paketi ziko supamaketi, na supamaketi ziko mjini. Rafu zilikuwa zinakauka kabla ya saa sita mchana. Aliyekuwa na nafasi ya kusimama kwenye foleni asubuhi aliupata. Anayelipwa saa kumi na moja jioni, akishuka Kaptembwa saa moja usiku na pesa ya siku hiyo tu, aliingia kwenye mlango wa bluu kama kawaida na kulipa bei ya kawaida, kwa sababu mwenye kinu hakupata gunia hata moja la 2,300.

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, ikaja tena. Paketi ya kilo mbili iliyokuwa imepita shilingi 200 ikatangazwa kuwa 100. Wakati ule kwenye kinu gorogoro haikushuka hata shilingi moja. Nilikuwa naingia nyumbani kwa watu na kusikia redio ikisema unga umekuwa 100, na mama wa nyumba ananiangalia kana kwamba mimi ninajua ulipo.

Rais William Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022 alisema ruzuku ile ilimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta nafuu, na kwamba serikali yake ingemsaidia mkulima azalishe. Mbolea ikashushwa kutoka 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi 2,500. Kuhusu zile bilioni 7 ninakubaliana naye, kwa sababu wateja wa kinu hiki hawakuziona. Lakini mbolea ya Septemba hailiwi Septemba. Huku kwetu Bonde la Ufa mahindi hupandwa Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Kwa hivyo mtu aliyekuwa ananunua robo gorogoro aliambiwa angoje zaidi ya mwaka mmoja, na katika huo mwaka hakuwekewa ruzuku yoyote ya unga.

Mimi nilikuwa nikipima watoto katika huo mwaka. Tuna mkanda wa kupima mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano: ukisoma zaidi ya sentimita 12.5 ni kijani, kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu na mtoto anapelekwa hospitali. Mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023 rangi ya njano niliiona katika nyumba ambazo sikuwahi kuiona, nyumba za watu wanaofanya kazi, ambao hawakuwa wavivu wala walevi. Mlo wa mchana ulikuwa umeondolewa. Uji wa mtoto ulikuwa umeongezwa maji. Unaweza kujua kwa kuangalia kijiko tu, uji hauning'inii.

Mavuno yalikuja, na ni haki kulisema. Mwaka 2023 nchi ilivuna magunia milioni 47.6 ya mahindi, kutoka milioni 34.3 mwaka uliotangulia. Mvua ilisaidia, na mbolea nayo ilisaidia, licha ya aibu ya mbolea bandia iliyofichuliwa 2024. Gorogoro ilianza kushuka. Na hapa nakisifu tena kinu hiki: mwenyewe alishusha bei wiki ile ile gunia liliposhuka. Wafanyabiashara wengi hupanda na soko siku hiyo hiyo, lakini kushuka huwachukua mwezi. Yeye alifuta ile bei ya chaki ukutani, akaandika mpya, na wateja wakajua.

Bei ya kusaga ndiyo haijarudi. Ilikuwa shilingi tano. Aprili 2023 bei mpya za stima zilianza kutumika, na Julai mwaka huo ushuru wa VAT kwa mafuta ukapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba dizeli ilikuwa shilingi 200.99 kwa lita jijini Nairobi. Kinu hiki kinatumia stima, na stima ikipotea huwasha injini ya dizeli, maana foleni ya jioni haiwezi kuambiwa irudi kesho. Kwa hiyo stima ikiwepo unalipa 10, injini ikinguruma unalipa 15. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akimlalamikia kijana wa kinu kuhusu hiyo tano ya ziada. Kijana hakubishana, alimwonyesha risiti ya mafuta. Ningependa wale wanaopanga ushuru wasimame hapo jioni moja tu, waone asilimia zao zikihesabiwa kwa sarafu.

Na wamwone shosho mmoja jirani yangu, mteja wa hapa, ambaye yuko kwenye Inua Jamii. Mpango huo wa serikali humpa mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni mpango mzuri, nimeona unavyompa mzee heshima ya kununua kitu mwenyewe badala ya kungoja mkwe. Lakini 2,000 zilikuwa 2,000 mwaka 2017, zikanunua paketi 22 za ule unga wa 90, na zilikuwa 2,000 katika miezi ile ya unga wa 200, zikanunua paketi 10. Pesa ni ile ile, chakula kimepungua zaidi ya nusu. Shosho huyu analea wajukuu wawili. Kama kiasi hicho kingekuwa kinapanda pamoja na bei ya mahindi, hata mara moja kwa mwaka bajeti inaposomwa, ingekuwa ruzuku inayofika hadi kwenye mlango wa bluu bila kupitia rafu ya mtu yeyote. Angekuja nayo mfukoni. Sijaona njia rahisi kuliko hiyo.

Nirudi kwenye unga, kwa sababu kuna upungufu wa kinu hiki ambao ni mkubwa na sitauficha. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa paketi uongezwe virutubisho: vitamini A, madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vingine. Unga wa kinu kidogo hauna hivyo. Unga mzima, usiokobolewa, una nyuzinyuzi na mafuta ya kiini cha mahindi, na kwa hilo unaushinda unga mweupe. Lakini foliki asidi inayomkinga mtoto tumboni asizaliwe na kasoro ya uti wa mgongo, au chuma kwa msichana anayeanza hedhi, haviji vya kutosha kwenye mahindi matupu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kwa sasa hivi mwenye 165 anapata unga wenye virutubisho, na mwenye 40 anapata usio navyo, ingawa yeye ndiye anayevihitaji zaidi maana nyama na mayai haviguswi nyumbani kwake.

Hili si jambo lisilowezekana. Nchini Tanzania, shirika la Sanku limefunga vifaa vidogo vya kupimia virutubisho kwenye vinu vidogo kama hiki, kifaa kinadondosha unga wa virutubisho kulingana na nafaka inayopita. Mwenye kinu nilipomweleza aliuliza maswali mawili tu: nani atalipa virutubisho vyenyewe, na kama mteja wa shilingi 30 ataongezewa bei. Ni maswali sahihi. Kama serikali iliweza kupata bilioni 7 za paketi kwa mwezi mmoja, inaweza kuyajibu.

Kuna pia aflatoksini, ile sumu ya kuvu niliyoitaja. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huko Ukambani na maeneo ya karibu, wengi wao wakiwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi yanatakiwa kukaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini, na sumu ikishaingia haiondoki kwa kupika, hata usonge ugali saa nzima. Kinu hiki hakina kipima unyevu. Mwenyewe huuma punje na kusikiliza inavyokatika, na amewahi mbele yangu kukataa kusaga mahindi ya mteja yaliyokuwa na rangi ya kijani kibichi kwenye kiini, akamrudishia na kumwambia hata kuku asiwape. Nilimheshimu sana kwa hilo. Bado jino si kipimo. Kuvu nyingine haionekani kwa macho. Kaunti ina maafisa wa afya ya umma na wa kilimo, na kipima unyevu kimoja kinachozunguka kwenye vinu vya mtaa kingefanya kazi kubwa kuliko semina za hotelini. Hadi kije, ushauri wangu kwa mteja ni huu: mahindi anayouza mwenye kinu sijawahi kuyashuku, saga mazima. Ukileta yako ya kijijini na huna hakika yalianikwa vipi, chambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kisha lipa hizo 20 yakobolewe, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Utapoteza virutubisho kidogo. Na usiyachukue makapi hayo ukawape ng'ombe wa maziwa, sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kasoro ndogondogo: vumbi ni jingi na kijana wa kinu hafungi kitambaa puani kila mara, ingawa nimemletea barakoa. Hakuna kivuli nje, na foleni ya jioni ikikutwa na mvua hakuna pa kujificha ila chini ya bati la jirani. Kelele ni ya kinu, usitegemee kuongea na simu.

Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha uliotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, mji ulifungwa na maduka makubwa yakashusha milango. Mlango wa bluu ulifunguliwa nusu. Walipima unga kupitia ule uwazi hadi giza, kwa bei ile ile ya siku iliyotangulia. Mtu angeweza kupandisha siku ile na kila mmoja angelipa.

Hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili baada ya saa saba. Foleni ni ndefu kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, kwa hivyo mwenye nafasi aende asubuhi awaachie wa kibarua saa zao. Wanapokea M-Pesa na pesa taslimu. Beba mfuko wako wa kitambaa au gunia dogo, kwa maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na mfuko wa kununua pale ni shilingi kumi nyingine. Unga ukitoka mashineni huwa moto: ukifika nyumbani ufungue, uutandaze upoe kabisa ndipo uufunike, la sivyo utanuka uvundo kabla ya wiki kwisha.